Anza na Nyimbo, Mashine Baadaye

Muulize anayetaka kuwa dijei anahitaji nini, atakutajia mashine: kontrola ya aina hii, spika za ukubwa ule, hedifoni alizoziona kwa fulani. Muulize ana nyimbo gani, atajibu, "Nyimbo zipo, nyingi tu." Hapo mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Watakaosimama mbele yako hawaijui mashine yako wala hawana haja nayo. Wanachosikia ni wimbo uliouchagua na ule ulioufuatisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka udijei uwe burudani yake ya jioni na mwisho wa wiki, na kwa sababu hiyo unaanzia kwenye nyimbo.

Ishirini zinatosha

Mtaani kuna vibanda ambako kwa pesa kidogo utajaziwa flashi nzima. Fika nayo nyumbani uifungue: "Track 05" ziko tatu, wimbo mmoja umejirudia mara nne kwa majina tofauti, mwingine umekatwa kabla ya kuisha, na mwingine una sauti ya dijei mwenzako akijitangaza katikati ya kiitikio. Flashi ya GB 64 inabeba zaidi ya nyimbo 6,000 za dakika nne nne katika MP3 ya ubora wa juu. Hakuna anayezijua nyimbo 6,000. Anayezibeba bila kuzijua atasimama mbele ya watu akitembeza orodha juu na chini huku wimbo unaochezwa ukimwishia.

Chagua ishirini, ziwe zile ambazo hutachoka kuzisikiliza. Chukua daftari, na kwa kila wimbo andika majibu ya maswali haya: Unaanza na ngoma tupu, kinanda, au mwimbaji anaingia moja kwa moja? Sauti ya mtu inaingia sekunde ya ngapi? Kuna mahali ngoma zinanyamaza? Kiitikio cha mwisho kikiisha, kinabaki kipande cha ala tupu au wimbo unakatika papo hapo? Majibu hayo ndiyo ramani yako. Mlango wa kuingilia wimbo unaofuata karibu kila mara uko kwenye ala tupu, mwanzoni au mwishoni, mahali ambapo hakuna anayeimba.

Usizichague hizo ishirini bila mpangilio. Muziki una kasi, na kasi hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Amapiano nyingi ziko kati ya 110 na 115. Hausi hukaa kati ya 120 na 128. Bongo Fleva imetawanyika, ila nyingi utazikuta kati ya 90 na 110. Singeli iko mbali kabisa: huanzia kama 200, na nyingine hukaribia 300. Chukua nyimbo nane zenye kasi zinazokaribiana, nyingine nane za kasi tofauti na hizo, na nne za kukuvusha kutoka kundi moja kwenda jingine.

Jifunze kuhesabu

Kabla hujagusa kitufe chochote, kaa uhesabu. Muziki mwingi wa kuchezea hukwenda kwa mafungu ya mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena. Mafungu manane yanafanya mapigo 32, na mabadiliko makubwa ya wimbo, yaani besi kuingia, mwimbaji kuanza au ngoma kunyamaza, hutokea mara nyingi baada ya mapigo 16 au 32. Hesabu ukiwa kwenye daladala au matatu, hesabu ukiosha vyombo. Baada ya muda utaanza kuhisi badiliko linakuja kabla halijafika.

Ukilikosa hili, hata kama kasi za nyimbo mbili zinalingana kabisa, muunganiko utasikika umepinda, kwa sababu wimbo mpya unaanza sentensi yake wakati wa zamani uko katikati ya sentensi. Ukilipata, wimbo mpya unaingia kwenye pigo la kwanza la fungu jipya, na msikilizaji anajikuta ameshavuka bila kujua amevushwa wapi.

Vifaa vya kuanzia

Kama una kompyuta, una karibu kila kitu. Programu ya Mixxx ni ya bure kabisa na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. VirtualDJ nayo inaruhusu matumizi ya nyumbani bila malipo kama huna kontrola, yaani mashine ya vitufe na magurudumu inayochomekwa kwenye kompyuta. Zote zinakupa vicheza-nyimbo viwili kwenye skrini na mikisa katikati yao, nazo zinaweza kukadiria kasi ya kila wimbo.

Kitu kimoja huwashangaza wanaoanza: dijei anahitaji njia mbili za sauti. Moja inakwenda kwa watu, ya pili inakwenda masikioni mwake ili autege wimbo unaofuata kabla hawajausikia. Kompyuta ya kawaida ina tundu moja tu la sauti. Dawa ya bei nafuu ni waya wa kugawanya: upande wa kushoto unapeleka sauti kwenye spika, wa kulia kwenye hedifoni. Utapoteza mgawanyo wa kushoto na kulia, lakini kwa mazoezi inatosha. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kuharibu hesabu yako yote.

Siku ukiamua kununua kontrola, ndogo yenye kadi ya sauti ndani yake inatosha, mfano Pioneer DDJ-FLX4 au mojawapo ya Hercules Inpulse. Ukinunua iliyotumika, nenda na kompyuta yako mwenyewe uijaribu papo hapo. Telezesha kila kitelezi polepole huku muziki ukicheza, na kikikwaruza ujue kimechoka. Zungusha magurudumu yote mawili. Tikisa waya wa USB taratibu uone kama unakatika. Hakikisha pia programu unayotumia inaitambua, maana kuna mashine nzima kabisa ambazo programu mpya zimeshaacha kuzihudumia.

Spika kubwa ziache kwanza. Spika za redio ya sebuleni zitakufundisha vizuri tu, na majirani watakushukuru.

Nyimbo mbili, hatua kwa hatua

Tuseme una amapiano mbili, ya kwanza ya mapigo 112 na ya pili 115. Ya kwanza inacheza. Ya pili iweke tayari, tafuta pigo lake la kwanza kabisa, kisha ulitie alama kwa kitufe kilichoandikwa CUE. Ongeza kasi ya wimbo wa kwanza kidogo kidogo mpaka 115, ambayo ni nyongeza isiyofika asilimia 3. Kwa wimbo unaocheza, badiliko la aina hiyo likifanywa taratibu halisikiki. Ila ukisogeza kasi kwa asilimia 6 hivi, sauti nzima hupanda karibu nusu toni na mwimbaji huanza kusikika mtoto. Programu nyingi zina kitufe cha kushikilia toni isipande wala kushuka. Kitumie, lakini usikitegemee kuokoa wimbo uliovutwa mbali mno.

Sasa punguza besi ya wimbo wa pili mpaka chini. Hesabu wa kwanza mpaka fungu jipya la mapigo 32 lianze, kisha achia wa pili. Zikianza kuachana, usiguse kitelezi cha kasi. Sukuma au zuia gurudumu kwa kidole mpaka zikae pamoja. Acha mapigo 16 au 32 yapite watu wakisikia nyimbo zote mbili kwa juu juu, huku besi ikiwa ya wimbo mmoja tu. Fungu jipya likianza, badilisha: shusha besi ya wa kwanza, pandisha ya wa pili, kwa wakati mmoja. Besi mbili zikipigana kwenye spika moja, sakafu inajaa mvumo mzito usioeleweka, na wachezaji wanapoteza mguu. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kuchanganya ni besi moja kwa wakati mmoja.

Ukishaiweza hiyo, jaribu kuruka kutoka amapiano kwenda singeli. Kasi ya 110 na ya 220 zinaonekana hazina undugu, kumbe moja ni mara mbili ya nyingine: kila mapigo mawili ya singeli yanaangukia pigo moja la amapiano. Ukiziunganisha hapo, ukumbi unahisi umeongezewa moto ghafla ila hakuna anayejikwaa. Singeli yenyewe imetokana na ujanja wa namna hiyo. Katika sherehe za mitaani za Dar es Salaam, vipande vya ala vya taarabu vilizungushwa na kuharakishwa huku MC akighani juu yake. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, yenye kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na muziki wa uswahilini ukaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Nyimbo za zamani zina kanuni zake

Ukileta muziki wa dansi au rumba, mbinu ya hapo juu itakuangusha. Bendi zilirekodi zikipiga pamoja, na mpiga ngoma hakuwa na mashine ya kumshikia kasi. Wimbo unaanza polepole, unachangamka kadiri unavyokwenda, na ukifika kwenye sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, unakuwa umeshaharakisha. Programu itakwambia wimbo una mapigo 118, lakini huo ni wastani tu. Ukiufuata, dakika ya pili utakuwa umeachwa.

Kwa nyimbo hizi acha kuchanganya kwa muda mrefu. Tumia mkato: subiri sebene ifike mwisho wa fungu, kisha ingiza wimbo mpya hapo hapo, pigo la kwanza, bila kuzipishanisha. Njia nyingine ni kuanza kwa gitaa. Dansi nyingi hufunguliwa na gitaa peke yake kabla ngoma hazijaingia, na gitaa hilo linaweza kuingia wimbo uliotangulia ukimalizikia. Tena, usiwe na haraka ya kuukata. Wimbo kama "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kundi lililoundwa Nairobi 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, umejengwa umsubirishe mchezaji mpaka magitaa yachanganye. Ukiukata baada ya ubeti wa pili umewanyima watu kile walichosimama kukisubiri.

Kutafuta: mtandaoni, sokoni, na kwa shangazi

Kwa nyimbo mpya, nunua faili inayokuwa yako. Bandcamp hukuruhusu kuununua wimbo na kuupakua ukiwa MP3, WAV au FLAC, na ndiko waliko wengi wa singeli na muziki wa chinichini wa Afrika Mashariki. Mdundo na Boomplay zina hazina kubwa ya nyimbo za nyumbani. Usajili wa kusikiliza kwa intaneti ni mzuri wa kugundulia nyimbo, ila mtandao ukikatika katikati ya sherehe utabaki na ukimya. Nyimbo zinazonyofolewa kwenye video ziepuke: mwanamuziki hapati kitu, na sauti ya nyimbo hizo ikikutana na spika kubwa hufichuka mara moja, trebo inachanika na besi inakosa mwili. Kumbuka pia kwamba faili ya kbps 128 ukiigeuza kuwa 320 unaongeza uzito wake tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kwa muziki wa zamani, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inafaa ujue njia zilizopitwa na santuri zetu. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, kwa kuwa kampuni ya kurekodi ilikuwa huko. Baadaye bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo zilizotoka kwenye santuri zilifyatuliwa Kenya. Ndiyo sababu santuri ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro unaweza kuipata kirahisi zaidi Nairobi, kwenye duka la Melodica la Mtaa wa Tom Mboya au kwenye soko la Kenyatta, kuliko Morogoro kwenyewe. Nyimbo nyingine zilibaki kwenye kanda za redio na kaseti tu. Ukikosa santuri, kuna mikusanyiko iliyotolewa upya: mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, au Kenya Special ya Soundway ya London.

Kisha kuna shangazi, babu mdogo na jirani aliyestaafu. Chini ya kabati zao kuna makasha. Ukiyapata, zingatia haya:

Santuri ndogo za kasi ya 45 mara nyingi zina wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ni mashairi, wa pili ndio sebene. Ukihamishia kwenye kompyuta, rekodi pande zote mbili, halafu uziunganishe.

Santuri nzito za kasi ya 78 huvunjika kama sahani, na mifereji yake ni mipana. Usizipige kwa sindano ya kawaida. Zina sindano yake.

Kaseti ya zamani irekodi mara ya kwanza unapoicheza, kwa maana huenda isipatikane mara ya pili. Kabla ya kuicheza, kaza mkanda kwa penseli.

Kuhamisha, tumia Audacity, programu ya bure. Gramafoni ipitishe kwenye tundu lililoandikwa PHONO au kwenye kikuzasauti chake maalum. Ukiichomeka pengine utapata sauti nyembamba isiyo na besi. Weka kiwango ambacho kilele cha sauti hakizidi desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo, na uhifadhi nakala ya kwanza kama WAV kabla hujasafisha mikwaruzo. Santuri zisimame wima, mbali na jua. Ukiwa pwani, zitoe kwenye mifuko ya nailoni, maana unyevu hufungiwa humo na ukungu hula majalada.

Maktaba inayotafutika

Siku unayoingiza wimbo ndiyo siku ya kuuandikia jina. Andika mwimbaji, jina la wimbo, mwaka ukiujua, na mahali ulipoupata. Futa majina ya tovuti yaliyobandikwa mwishoni. Chagua tahajia moja ya kila mwanamuziki ushikamane nayo, la sivyo Marijani Rajab atagawanyika kuwa watu watatu kwenye orodha yako.

Kupanga kwa aina ya muziki kunasaidia kidogo, kupanga kwa kazi kunasaidia zaidi. Tengeneza folda kwa jinsi shughuli zetu zinavyokwenda: za wageni kuingia na kukaa, za wakati wa chakula, za maharusi kuingia ukumbini, za kukata keki, za kutoa zawadi, za kufungua muziki, za kilele, za wazee, za kuwaaga watu. Wimbo mmoja unaweza kukaa kwenye folda tatu. Mshereheshaji akikugeukia na kusema "tupe wimbo wa zawadi," utakuwa na sekunde kumi tu, na katika sekunde kumi hakuna anayetafuta ndani ya nyimbo elfu.

Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine mahali pengine kabisa, nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila mwezi ongeza nyimbo chache unazozijua, na utoe zile ambazo hujazigusa.

Sheria, majirani na masikio

Kupiga sebuleni kwako hakuhitaji kibali cha mtu. Ukialikwa kwenye ukumbi au baa, muziki wa hadharani unahitaji leseni ya hakimiliki. Muulize mwenye ukumbi kama anayo. Mamlaka husika kwa Tanzania ni COSOTA, kwa Kenya ni KECOBO. Kelele nazo zina kanuni zake, chini ya mamlaka za mazingira: NEMC upande wa Tanzania na NEMA upande wa Kenya. Ukitaka kurusha miksi zako mtandaoni, Mixcloud ina mikataba na wenye haki, wakati mitandao mingine inaweza kuinyamazisha miksi au kuiondoa.

Masikio ndiyo kifaa pekee kisichonunulika upya. Kwa kipimo kinachotumika sana kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na spika za ukumbini, umebakiwa na dakika 15. Vaa vizibo vya masikio, weka spika zielekee kwa watu badala ya kwako, na masikio yakilia ukirudi nyumbani, siku inayofuata pumzika.

Mara ya kwanza mbele ya watu

Usianzie klabu. Anzia siku ya kuzaliwa ya mpwa wako au kikao cha familia, mahali ambapo watu wanakupenda kabla hujacheza. Fika mapema, chomeka kila kitu, jaribu sauti ukumbi ukiwa mtupu, na ukumbuke kwamba watu wakijaa hunyonya sauti, hivyo utaongeza kidogo baadaye. Beba flashi mbili zenye nyimbo zilezile. Kama utatumia mashine ya ukumbi, ziandae kwa mfumo wa FAT32, unaosomwa na mashine nyingi. Beba ekstensheni yako mwenyewe. Simu iwe na wimbo tayari na waya wake karibu, ili umeme ukikatika kisha ukarudi kabla kompyuta haijaamka usiwaache watu kimya.

Kisha inua macho. Tazama miguu ya waliokaa: wanaogonga sakafu wako karibu kusimama, na wimbo unaofuata unaweza kuwainua. Wazee wakiwa bado wapo, wape zamu yao mapema kabla hawajaaga. Mtu akija kuomba wimbo usiokuwa nao, mwambie ukweli kwa adabu na uandike jina la wimbo. Maombi ya namna hiyo ndiyo orodha bora ya nyimbo za kutafuta mwezi ujao.

Nyumbani, rekodi kila zoezi na ulisikilize kesho yake, ukitembea, bila skrini mbele yako. Makosa ambayo jana mikono ilikuficha, leo masikio yatakuonyesha. Na kama bado unajiuliza lini ununue kontrola, kipimo ni hiki: siku utakayoweza kucheza saa nzima kwa nyimbo zako ishirini ukijua kila wimbo unakupeleka kwenye upi, nenda dukani.